UZI: Sisimizi msalani kwa mama, na swali la hamali wa sukari anakaa wapi mwilini

Maalim_Matondoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wanajamvi.

Mwezi uliopita mama yangu nusura aache dawa yake ya kisukari, na kilichomtia hofu ni jambo ambalo angelielezwa kwa dakika kumi lingekwisha. Nimeamua kulieleza hapa kwa urefu, maana najua nyumba nyingi za kwetu zina mzee mwenye maradhi haya.

Mama anakaa kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, mimi nafundisha baiolojia Amu mjini. Alinipigia simu alfajiri akaniambia kwa Kiamu neno moja tu: "Ndoo," yaani njoo. Nilipofika hakunikaribisha hata chai. Alinishika mkono mpaka msalani akanionyesha sakafu. Sisimizi walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta, wamevuka sakafu kwa mstari mmoja mwembamba, wamefika kwenye tundu la kutolea maji, na hapo walijaa hata saruji haionekani. Pale pale anapokojolea. Mama ana kisukari mwaka wa kumi na moja, na ishara hiyo anaijua tangu kwa bibi yake, kabla vipimo havijafika kijijini. Lakini kipimo cha kidole asubuhi ile kilisoma 7.4.

"Damu imetulia," akasema, "mbona mkojo ndio umekuwa asali? Dawa hii imenitoboa figo."

Dawa yenyewe ni dapagliflozini. Alikuwa ameianza siku tisa kabla. Aliyemkabidhi dirishani alimwambia "kimoja asubuhi," akaita mgonjwa mwingine. Jirani akaja akaona sisimizi, akamshauri aache vidonge arudi kwenye dawa za miti.

Figo la mama halijatoboka. Mkojo una sukari kwa sababu dawa ndivyo inavyofanya kazi, na ukitaka kuelewa kwa nini hilo si balaa, inabidi ujue protini moja inakaa wapi mwilini na wapi haikai.

Tuanze hapa kwetu. Lori haliingii vichochoro vya Amu. Saruji ikishuka gatini, itafika Mkomani kwa mgongo wa punda au kwa hamali na mkokoteni, na mahali pasipo na hamali mzigo unabaki pale pale. Glukosi ni hivyo hivyo. Utando unaozunguka kila seli ni wa mafuta, na glukosi haipenyi mafuta. Lazima kuwe na protini iliyopachikwa kwenye ule utando, iishike na kuivusha. Jeni za kutengeneza mahamali hawa zimo ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, kwani binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini na kila seli imebeba kitabu kizima. Ila seli haisomi kitabu kizima. Seli ya figo inafungua kurasa zake, ya misuli zake, ya utumbo zake. Kwa hiyo swali la maana kuhusu protini yoyote ni: ukurasa wake unafunguliwa wapi?

Mahamali wa sukari wako wengi. GLUT1 wamejaa kwenye chembe nyekundu za damu na kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Mtoto akizaliwa na upungufu wake, ubongo unakosa sukari huku damu inayo tele, naye hupata kifafa. GLUT2 wako kwenye ini na kwenye seli za kongosho zinazotoa insulini. GLUT4 wako kwenye misuli, moyo na mafuta, nao hukaa wamefichwa ndani ya seli hadi insulini iwaite watoke utandoni. Huyo GLUT4 ndiye anayezembea kuitikia kwa watu kama mama.

Wawili ninaowataka leo ni wa ukoo mwingine: SGLT1 na SGLT2. SGLT1 makao yake makuu ni utumbo mwembamba. SGLT2 makao yake ni figo, na karibu tuseme ni figo peke yake.

Mafigo yanachuja maji kama lita 180 kwa siku, na maji hayo yanashuka na glukosi yote iliyomo. Kwa mtu mzima asiye na kisukari ni kama gramu 160. Zote zingepotea mkojoni kila siku kama si SGLT2 aliyesimama mwanzoni mwa mrija wa figo, anayerudisha kwenye damu kama asilimia 90 yake. Zinazomponyoka huokotwa na SGLT1 aliyesimama mbele zaidi kwenye mrija huo huo. Kidonge cha mama kinamzuia SGLT2. Sukari inapita, inatoka, sisimizi wanafurahi, damu inapungua utamu. Na kwa kuwa hamali huyo hana kazi ya maana kwingine, kidonge hakikuziba sukari ya ubongo, wala ya misuli, wala ya utumbo.

Karibuni kwa maswali.

---

Nahodha_Mstaafu

Maalim, Mungu akulipe. Mimi natumia empagliflozini, ndugu wa dawa ya mama yako, mwaka wa pili na hakuna aliyenieleza hivi. Nina swali la wazi. Ikiwa sukari inatoka kwa mkojo, basi nikila halwa na kahawa barazani si itapita tu? Na hao SGLT, nguvu za kuibeba sukari wanazitoa wapi?

---

Maalim_Matondoni

Nahodha, la halwa nalijibu bila kuzunguka: haipiti yote. Kwa mgonjwa mwenye mafigo mazima dawa hizi hutoa kama gramu 60 hadi 80 za glukosi kwa siku. Utashangaa, maana SGLT2 ndiye mwenye asilimia 90, mbona akizuiwa haitoki asilimia 90? Ni yule SGLT1 wa mbele. Siku za kawaida anaokota makombo, kwa hiyo ana nafasi kubwa tupu. Mzigo ukimfikia, anaubeba mwingi. Kipande cha halwa juu ya mahamri mawili na chai ya sukari kinakula nafasi yote uliyopewa na dawa.

Swali la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Wewe umepita Mkanda. Maji yakipwa chombo hakipiti, yakijaa mkondo unakuchukua na mzigo wako. Mkondo wa SGLT ni chumvi. Nje ya seli sodiamu ni nyingi, ndani ni chache, kwa hiyo muda wote inasukumana kuingia. SGLT anaifungulia njia kwa sharti kwamba iingie pamoja na glukosi. Sodiamu inashuka mkondo, glukosi inavutwa nayo hata kama ndani tayari imejaa. SGLT2 anataka sodiamu moja kwa kila glukosi. SGLT1 anataka mbili, ndiyo maana anaweza kukomba hata sukari ndogo sana iliyobaki. Tofauti na bahari ni kwamba mkondo huu haujileti. Upande wa pili wa seli ipo pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, na hapo ndipo nishati inapoliwa.

Wazo hili la chumvi na sukari kuvushwa pamoja lilitolewa na Robert Crane kwenye mkutano wa Prague, Agosti 1960. Jeni ya SGLT1 yenyewe ilipatikana mwaka 1987.

---

Muuguzi_Visiwani

Maalim, ruhusu niongeze, maana hapo umegusa kazi yangu. Nimefanya zahanati visiwani miaka mingi, na SGLT1 wa utumbo ndiye aliyeniokolea wagonjwa wengi kuliko dripu.

Mgonjwa wa kipindupindu utumbo wake unamwaga maji kama bomba lililopasuka. Ukimnywesha maji matupu, yanapita. Ukimnywesha ya chumvi tupu, yanapita. Lakini sumu ya kipindupindu haimgusi SGLT1. Ukichanganya chumvi na glukosi kwa kipimo, hamali anavibeba pamoja, na maji yanafuata nyuma yake. Hiyo ndiyo ORS, basi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kwenye kambi ya wakimbizi huko India, akaanza kugawa mchanganyiko huo wanywe, na vifo vikashuka sana. Pakiti ya sasa, ya kufuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na potasiamu na sitrati ya sodiamu. Ukipiga hesabu, glukosi na sodiamu zinatoka sawa kwa idadi, 75 kwa 75. Haikuwekwa sukari ili iwe tamu. Kina mama wengi huongeza sukari mtoto apende, na hilo ni kosa: sukari ikizidi inavuta maji yarudi utumboni na kuhara kunaongezeka.

Kama pakiti haipo: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu. Visima vyetu vingine maji yake yana chumvi tayari, kwa hiyo yaonje kwanza. Yakiwa ya chumvi, tafuta ya mvua.

---

Binti_Langoni

Shikamoo nyote. Baba yangu yuko kwenye dawa hizi hizi, na nikisoma naona kama kuna mgongano. Dawa inazuia hamali wa sukari na chumvi. ORS inamtegemea hamali wa sukari na chumvi. Baba akiharisha, ORS itamfaa kweli?

---

Maalim_Matondoni

Marahaba, binti yangu. Swali hilo ndilo nililolifungulia uzi.

Itamfaa, kwa sababu ya mahali. ORS inafanya kazi kwenye utumbo, na hamali wa utumbo ni SGLT1. Kidonge cha baba kinamlenga SGLT2, naye yuko kwenye figo. Majina yanafanana kwa kuwa ni ndugu, lakini wana makazi tofauti na dawa inawatofautisha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kitu kichungu kwenye gome la mizizi ya mtufaha, wakakiita florizini. Mwaka 1886 Mjerumani Joseph von Mering alionyesha kwamba kinamfanya anayekila akojoe sukari. Kwa nini hakikuwa dawa ya kisukari tangu wakati huo? Kwa sababu florizini haichagui, inawazuia ndugu wote wawili. Utumbo nao unashindwa kunyonya sukari, mtu anaharisha. Ilibidi watafiti watengeneze molekuli inayomkamata wa figo na kumwacha wa utumbo, na hilo lilitaka kwanza wajue nani anakaa wapi.

Na maumbile yenyewe yametuonyesha jambo hilo hilo kwa uwazi kuliko maabara. Wako watu wanaozaliwa na jeni ya SGLT2 iliyoharibika. Wanakojoa sukari tangu utotoni, na wengi wao wanaishi salama hadi uzee. Wengine, wachache sana, huzaliwa na SGLT1 isiyofanya kazi. Mtoto wa aina hiyo akinyonya tu anaharisha vibaya, kwa kuwa sukari ya maziwa ikivunjwa inatoa glukosi na galaktosi, na zote mbili hamali wake ni SGLT1. Asipogunduliwa mapema anakufa. Akigunduliwa, anapewa maziwa maalumu yenye fruktosi, kwa sababu fruktosi ina hamali wake mwingine, GLUT5, naye mtoto huyo anaye mzima.

Hadithi ya hao wa kwanza ndiyo niliyomsimulia mama. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wazee kabisa, na mkojo mtamu maisha yao yote?" Nikamwambia ndiyo. Siku ile alikunywa kidonge chake.

---

Mwanafunzi_Kilifi

Maalim, nasoma sayansi ya maabara za tiba, mwaka wa tatu. Nakubaliana na mengi ila naomba tusimwage maneno kama "figo peke yake" kwa urahisi. Tunajuaje? Njia ni mbili na kila moja ina mashimo.

Ya kwanza ni kuhesabu nakala za RNA. Unachukua kipande cha kiungo, unasaga, unahesabu jeni ipi imesomwa mara ngapi. Mradi wa GTEx wa Marekani umefanya hivyo kwa aina 54 za tishu kutoka kwa watu 900 na zaidi waliofariki. Lakini RNA ni oda iliyoandikwa, siyo hamali mwenyewe aliyefika kazini. Seli inaweza kuwa na oda nyingi na protini chache. Isitoshe, wafadhili wengi wa tishu hizo ni Wamarekani weupe, na hilo linanikera, maana sisi tunasoma ramani ya miili isiyo yetu na tunaambiwa ni ya binadamu wote.

Ya pili ni kutumia kingamwili inayonasa protini, kisha unapaka rangi na kutazama kwa hadubini. Hivyo ndivyo Wasweden walivyojenga Human Protein Atlas tangu 2003. Nimeiona slaidi ya figo ya namna hiyo kwenye kioo: viini vya seli ni buluu, na ukingo wa ndani wa mrija ni kahawia, kama mtu aliyepaka hina ukucha tu na kuacha kidole. Inapendeza mno. Lakini kingamwili za SGLT2 zina sifa mbaya. Nyingine zinanasa protini nyingine na kudanganya. Mwaka 2015 kuna watafiti waliosema SGLT2 ipo pia kwenye seli za alfa za kongosho, wengine wakatafuta wasiione, na mabishano yakaendelea.

Na kuna moyo. Majaribio makubwa, kama DAPA-HF la 2019, yalionyesha dawa hizi zinawasaidia wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, hata wasio na kisukari. Moyo una SGLT1, lakini SGLT2 haionekani humo kwa kiasi cha maana. Sasa dawa inamsaidiaje moyo kupitia protini ambayo moyo hauna?

---

Maalim_Matondoni

Kijana, nimefurahi. Hilo la moyo wataalamu bado wanalishindania. Wapo wanaosema msaada unatoka figoni: chumvi na maji yakipungua, moyo unapumzika. Wengine wanatafuta njia nyingine ndani ya moyo wenyewe. Mimi naona hapo hapo ndipo ramani ya tishu ilipofaa, kwani kama tusingejua kwamba moyo hauna SGLT2, swali lisingekuwepo.

Nikuongezee shimo la tatu, nililolifundishwa na figo la mbuzi. Juzi nilinunua moja sokoni kwa darasa langu la kidato cha tatu. Ukilipasua kwa urefu, kama unavyopasua embe, unaona nchi mbili. Kandokando kuna gamba la rangi ya kahawia yenye wekundu, lina chembechembe. Ndani kuna mistari inayoelekea katikati, kama nyuzi za ukili kabla hazijasukwa. SGLT2 yuko kwenye gamba la nje, kwenye mwanzo wa mrija. Ukichota kipande chako kutoka ndani kwenye mistari, utapima na kuandika kwamba figo haina SGLT2! Kwa hiyo jedwali likikwambia "figo" kwa namba moja, uliza ni figo upande gani. Mwanafunzi mmoja alikandamiza kidole kwenye gamba akaniuliza, "Kwa hiyo sukari ya bibi inarudi hapa?" Nikamwambia hapo hapo, chini ya ukucha wako.

---

Bi_Mkomani

Nashukuru kwa elimu. Mimi nauliza la ibada. Ramadhani mtu mwenye dawa hizi anafunga? Na binti yangu ni mjamzito ana sukari ya mimba. Je, naye apewe hizi?

---

Muuguzi_Visiwani

Bi Mkomani, la binti ni jepesi: asitumie. Sukari ya mama hufika kwa mtoto kupitia kondo la nyuma, ambako mahamali wakuu ni GLUT1, lakini shaka yenyewe iko kwenye mafigo ya mtoto, ambayo bado yanajengwa. Kliniki watampa njia nyingine, insulini ikiwemo.

La kufunga lazima aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Dawa hizi zinatoa maji pamoja na sukari, na joto letu mnalijua. Anayeruhusiwa kwa kawaida huambiwa ahamishie kidonge wakati wa futari na anywe maji ya kutosha hadi daku. Mzee aliyedhoofika, anayetumia pia dawa za kutoa maji mwilini, au ambaye mafigo yake yana shida, huyo asijiamulie mwenyewe.

Na mambo mawili nawaomba mjue nyote, maana dirishani hayasemwi. Moja, sukari mkojoni inalisha fangasi sehemu za siri, kwa wanawake hasa. Jisafishe kwa maji kila mara, na ukiwashwa sema, usione haya. Mbili, ukiugua ukawa huli, unatapika au unaharisha, simamisha kidonge na uwasiliane na kituo chako siku hiyo hiyo. Mwili ukikosa chakula huku sukari ikitolewa, unachoma mafuta hadi damu inajaa asidi, na kipimo cha kidole kinaweza kusoma sukari ya kawaida huku mtu anazidiwa. Kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi: mpeleke, usisubiri boti ya kesho.

Binti Langoni, hapo ndipo swali lako linapokamilika. Baba akiharisha, ORS anywe, kidonge akisimamishe.

---

Binti_Langoni

Nimeyaandika kwenye karatasi nimeyabandika mlangoni kwa baba. Na mafigo yenyewe, baada ya miaka, hayachoki kwa kupitisha sukari yote hiyo?

---

Maalim_Matondoni

Yanapumzika, binti yangu. SGLT2 akizuiwa, chumvi nyingi zaidi inafika mbele kwenye mrija. Hapo kuna seli zinazoipima, na zikiiona nyingi zinabana mshipa unaoleta damu kwenye kichujio. Shinikizo ndani ya kichujio linapungua. Wiki za mwanzo kipimo cha kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha mafigo yanachuja vipi, kinaweza kupanda kidogo, na watu wanaogopa hapo, lakini jaribio la DAPA-CKD la 2020 lilionyesha kwamba baada ya muda mafigo ya wanaotumia yanadhoofika polepole kuliko ya wasiotumia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaziingiza dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kreatinini ya mama inapimwa leo. Boti ya Matondoni inaingia saa mbili na nakwenda kumpokea gatini. Amenitumia ujumbe kwamba sisimizi bado wapo, anawamwagia maji kila akitoka, na kwamba jirani yake anakuja naye kwenye boti hiyo hiyo, amebeba vidonge vyake mwenyewe kwenye mfuko anataka nimsomee vinakwenda wapi.